Biolojia ya Mbali na Biolojia ya Karibu: Neno la Wazazi wa Kasongo, 1959

Mgeni rasmi, Bwana Mkaguzi wa Shule uliyetoka Bukavu, sisi wazazi wa Kasongo na Kabambare tunakuamkia kwa heshima.

KARIBU

Barabara umeiona, hatutaisimulia. Watu wa kanisa na watu wa msikiti tumekaa benchi moja leo, jambo ambalo kwa kawaida hutokea kwenye mazishi tu. Risala hii anaisoma mtoto wetu Raphaël, mwenye diploma ya biolojia. Humu atakutana na jina lake kama la mtu mwingine. Ndivyo tulivyomwagiza, naye amekubali shingo upande.

TULIKOTOKA

Tulipoambiwa kwamba sasa mtoto mweusi anaweza kuingia chuo kikuu, tulikaa tukalinganisha. Udaktari ulikuwa na miaka mingi. Biolojia ilikuwa na michache, nayo inasoma damu, wadudu na magonjwa. Tukasema, kumbe ni udaktari ule ule kwa njia ya mkato! Hakuna aliyetudanganya. Tulijidanganya wenyewe.

Raphaël tukampeleka chuo cha mbali, cha magharibi. Asani, mtoto wa Moustapha wa Kabambare, akaenda cha karibu, cha kusini, kwa kuwa nauli yake ilikuwa nafuu.

GHARAMA

Tuliwalimia shamba moja la mpunga, kila nyumba ikitoa mikono. Lakini serikali nayo inataka pamba yake ya lazima kwa kila mkulima. Mwenzetu Amuri alikutwa pamba yake imejaa majani, maana alishinda kwenye mpunga wa watoto. Akafungwa, akatoka na kikohozi ambacho unakisikia kutoka benchi la nyuma. Marie-Louise, mama yake Raphaël, alimtoa binti yake Cécilia shuleni aje kufukuza ndege shambani. Cécilia hajarudi shuleni mpaka leo. Hapa tumeandika: Raphaël asiruke mstari huu.

MATUNDA

Asani alirudi mikono mitupu. Alianguka mwaka wa maandalizi, kwa sababu hadubini, kile chombo cha kutazamia vijidudu, wenzake Wazungu walikuwa wameizoea tangu shule, na yeye aliiona huko kwa mara ya kwanza. Sasa anasukuma toroli mgodini Salamabila.

Raphaël alimaliza vizuri. Tulimpokea kwa ngoma. Siku ile ile Apolline, mmoja wa tuliolima, akamleta mume wake mwenye malale, anasinzia na chakula mdomoni. Sindano za dispensari alikuwa amezikataa, akisema anamngoja daktari wa kwetu. Raphaël alieleza vizuri sana mdudu anayeingia katika damu na mbung'o anayemleta, kisha akasema yeye si daktari, hana ruhusa ya kutibu.

Apolline akamwambia, "Weye unajua jina ya ule mududu, na dawa hauna? Sasa sisi tulilima nini?"

Mumewe tulimzika kabla ya mvua. Inatuuma, na tunaona aibu.

Kazi aliyopewa Raphaël ni kukamata mbung'o kwa wavu, chini ya Mzungu ambaye chuo kikuu hakukiona. Mshahara wake ni wa karani msaidizi. Huko kusini kwa nafuu tumepata toroli, na huku kwa gharama kubwa tumepata wavu.

OMBI

Pacifique, mtoto wa Régina, ndiye yule mwenye shati jeupe. Ameitwa chuo cha mbali, biolojia hiyo hiyo. Lori linaondoka Jumamosi.

Hatuombi jengo wala vitabu. Tunaomba jibu, leo, mbele yake. Akirudi na diploma, atapewa kazi ya mwenye diploma? Kama ndiyo, tutalima tena. Hata Amuri amesema atalima, na kikohozi chake hicho. Kama sivyo, tuambie, abaki ajifunze uuguzi, angalau ajue kuchoma sindano. Tafadhali usiseme kwamba jambo hili litaangaliwa. Tumezeeka tukiangaliwa.

Raphaël tulimuuliza kwanza yeye, kama ndugu mkubwa: Pacifique aende au asiende? Alichukua wavu wake akaenda kazini. Ndiyo maana tunakuuliza wewe.

Mungu akufikishe Bukavu salama, akupe na moyo wa kutujibu kabla hujapanda motokari.

Ni sisi,
Wazazi wa Wanafunzi, Kasongo na Kabambare.