Imeli ya Mzee Theuri

Muriithi, kijana aliyefungua duka la intaneti Nyeri bila kupata wateja wengi, alikaa kando ya mama mmoja ndani ya Pijo, gari la abiria lililotutoa Endarasha. "Mama, si umesema msichana wako yuko Amerika? Kuja nikuandikie imeli. Mzee Theuri alijibiwa siku hiyo hiyo. Mtoto wake ameoa mzungu, mzee akalia sana."

"Umejuaje?"

"Ni mimi nilimsomea."

"Na sasa mimi nimejua."

Hata mimi nilijua, na sikuwa nimeuliza.

"Lakini barua ya posta inakaa wiki tatu, mama."

"Ikae. Itafika ikiwa imefungwa."

Gari liliposimama Ruring'u, mama alishuka. Muriithi akanigeukia. "Na wewe mzee, uko na mtu ng'ambo?"

Nilimjibu sina, ingawa ninao wawili.