Zamu ya Tarumbeta

Kuna jambo lililomsumbua Castory siku nyingi: inakuwaje yeye, ambaye kwenye benchi la kahawa la Evarista, pale mtaa wa Kikuyu, Dodoma, hakosi la kusema, akiachiwa tarumbeta apige anachotaka anageuka bubu? Kanisani anapiga nyimbo zilizoandikwa, mwanzo mpaka mwisho, bila kutetereka. Lakini amejiunga na bendi ndogo ya jazi, na huko wimbo ukishapigwa, kila mmoja hupewa zamu abuni ya kwake palepale huku wenzake wakimshikia mdundo. Zamu yake ikifika, hushusha tarumbeta na kujifuta mdomo. Ijumaa moja alitoka kazini kwenye ofisi za serikali Mtumba, akaketi, akawaambia wazi: kesho akinyamaza tena, nafasi yake anapewa kijana wa saksafoni.

— Ugonjwa huo naujua, alisema Anthony, fundi baiskeli ambaye benchi lilimpa jina la Mbunge kwa kuwa hoja zake hazina mwisho. — Ni ofisi. Umezoea kusubiri idhini. Bosi hajasaini, pumzi haitoki.

— Mimi nasema ni hewa ya Dodoma, alisema Profesa, mwalimu mstaafu. — Kavu mno. Wazo linatoka kichwani bichi, likifika mdomoni limenyauka kama mchicha uliosahaulika juani.

— Mbona kanisani napiga, Mwalimu?

— Kanisani mnaimba wengi. Mnatia unyevu.

Evarista, mama muuza kahawa, alicheka hadi kahawa ikamwagikia makaa.

— Shida ni tarumbeta lenyewe. Si ulilirithi kwa marehemu mzee Petro wa kwaya? Limeshika dini hilo. Likisikia jazi, linafunga. Lipeleke Hombolo likalale kwenye pipa la mvinyo, uone kama halitaongea lenyewe.

Mbunge alikuwa ameshanyoosha kidole tangu Evarista alipoanza.

— Kama nilivyosema, ofisi! Kule kwenu hata upepo unaingia kwa kitambulisho.

Castory alicheka nao. Lakini hakutaka kuipoteza bendi ile.

— Shikamooni, ilisema sauti nyuma yao. Alikuwa Gladness, kiongozi wa bendi, gitaa la besi mgongoni, aliyekuwa akipita kuelekea nyumbani akasimama kuwasikiliza.

— Marahaba, mwanangu, aliitikia Mbunge. — Kumbe ndiye wewe unayemfukuza mtoto wetu?

— Simfukuzi, baba. Nina swali moja tu kwake. Kaka Casto, Meshack anapiga gitaa kabla yako. Juzi alimaliziaje?

Castory alifungua mdomo. Alikumbuka vidole vyake vikijaribu noti juu ya paja. Alikumbuka hofu. Gitaa hakulikumbuka.

— Sijui, alisema.

— Aa, aibu hiyo! Mbunge akapiga paja.

— Na wewe baba, Gladness alisema kwa upole, mama hapa amesema nini sasa hivi, kabla ya hoja yako ya ofisi?

Mbunge alitazama makaa.

— Amesema... si mambo ya hewa?

— Hewa ilikuwa yangu, alinong'ona Profesa.

Evarista aliinamisha birika. Matone mawili, basi.

— Kahawa imeisha, alisema. — Tuamue kabla ya kutawanyika.

Ikaamuliwa: kuanzia siku ile, hakuna wa kusema kwenye benchi kabla hajarudia alichosikia kwa mwenzake, na Castory kesho aende bila noti za kuandaa, aanzie pale Meshack atakapoishia. Wote walinyoosha mkono. Mbunge alinyoosha miwili.

Jumamosi mazoezini, Meshack alipopiga, Castory alivituliza vidole. Gitaa lilipanda, likasita, likaacha noti tatu zikining'inia kama mlango ambao haujafungwa. Alizichukua hizohizo tatu, akazirudisha chini kidogo. Ya nne ilitoka ikikwaruza. Lakini besi ya Gladness ilimfuata, naye akaona pa kukanyaga, kisha pengine. Mawazo yalipomwishia, akaacha. Meshack akaingia palepale.

— Tena, alisema Gladness. — Yule wa saksafoni nitampigia simu asije.

Jumatatu Castory alianza kuwasimulia. Kabla hajafika kwenye noti ya tatu, Mbunge alishaanza kueleza ubaya wa ofisi, na Profesa naye juu ya maneno yake. Walioamua walikuwa wote. Aliyetekeleza ni Castory peke yake. Alishika kikombe chake akisikiliza Mbunge ataishia wapi.