Rafiki wa Meneja

Benchi la Mikidadi muuza kahawa, pale Levolosi mjini Arusha, limeegemea ukuta wa duka la vipuri na lina sheria moja tu: neno ukishalisema, umelikalia. Anayegeuza neno lake kabla birika halijaisha analimwa kadi nyekundu, anainuka, na nafasi yake anapewa mwingine. Wapo wazee wazima wanaokunywa kahawa wima mpaka leo kwa ajili ya kadi hiyo. Sumari fundi viatu, aitwaye Krosi tangu ujana, hukaa ncha ya kushoto, upande uleule aliocheza mpira. Asubuhi hiyo baridi ya Meru ilikuwa kali, lakini kilichomtetemesha Sumari kilikuwa wivu. Gidion, chalii waliyekua naye mtaa mmoja, mshambuliaji wa zamani wa timu ya taifa, alikuwa ameingia mjini na klabu kubwa kutoka Dar, safari hii kama meneja wa timu. Yupo tangu jana, na kijiweni hajakanyaga.

— Nimemwona kwenye basi la timu, alianza Saning'o, aitwaye Marudio kwa sababu kila tukio lazima alirudie polepole. — Siti ya mbele. Dirisha likafunguka... taratibu... mkono ukatoka...

— Akatupungia?

— Akatupa ganda la ndizi.

— Si mnaona! Sumari alidakia. — Ganda! Mtu niliyemlisha krosi mimi! Yale mabao yake, mpira ulikuwa unatoka wapi? Kwa huyu hapa! Yeye kazi yake ilikuwa kuinamisha shingo tu.

— Kwani meneja wa timu ndiye kocha? aliuliza Mikidadi.

— Wapi! Ndesanjo, karani mstaafu wanayemwita Profesa, aliweka kikombe chini. — Kocha ni kocha. Meneja anashughulika na hoteli, jezi, basi, leseni za wachezaji.

— Kumbe mbeba mabegi! Sumari alicheka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

— Mbeba mabegi anayelala hoteli ya ghorofa, Marudio akasema.

Kicheko kikakata.

— Halafu tujiulize kisomi, Profesa aliendelea. — Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Gidion alikuwa hasikii la kocha wala la mwalimu. Guu limewahi kuvunjika?

— Halijawahi.

— Basi! Lile guu limewekwa mahali. Lipo kwenye chungu, chini ya mgomba.

— Ero Profesa, mbona unapita mbali? Marudio akasogea. — Rudisha picha nyuma. Wateuzi wa timu ya taifa wanakuja Arusha. Krosi unaamka tumbo linakata, uwanjani huonekani. Jana yake ulikunywa nini?

— Maziwa mgando.

— Ya nani?

Yalikuwa ya Mama Evaresta, mama yake Gidion. Moyoni Sumari alijua vizuri kwamba yule mama amemnywesha maziwa yale miaka yote ya utoto, kibuyu kimoja na mwanawe, na hata siku ile Gidion alikunywa kabla yake. Lakini wivu ukishapata pa kukaa hauuachii ukweli nafasi. Ilikuwa tamu kupata mtu wa kumlaumu.

— Ya mama yake, alisema.

— Toba! Mikidadi akashika kifua.

— Ndiyo maana haji hapa. Anaogopa macho yangu! Sumari alisimama nusu, sauti ikapanda. — Leo naliweka wazi, na Mikidadi uwe shahidi. Gidion si rafiki yangu, na hajawahi kuwa!

— Neno limekaa, alisema Mikidadi, akammiminia.

Hapo ndipo alipofika dada mmoja, amevaa traksuti ya klabu ile ya Dar, anahema.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Naitwa Blessing, nafanya kazi na timu. Nimetumwa na meneja Gidion. Tangu jana anatafuta upenyo aje mwenyewe, amebanwa. Tuna kijana wa winga ya kushoto, krosi zimemgomea kabisa. Meneja anasema hapa kijiweni ana rafiki yake, hajaona mpigaji krosi kama yeye, aje mazoezini amwelekeze. Gari liko hapo barabarani. Rafiki yake ni yupi?

Moyo wa Sumari uliruka. Mguu wa kushoto ulishajisogeza wenyewe. Hajaona kama yeye! Alimtazama Mikidadi. Mikidadi alilitikisa birika, na ndani kahawa ikasikika. Marudio tayari alikuwa amesogeza makalio, anaisubiri ile ncha ya kushoto. Profesa alikohoa, akaangalia juu.

— Au nimekosea kijiwe? aliuliza Blessing.

— Jaribu kile cha Kijenge, alisema Sumari.

— Asante, baba.

Aliondoka mbio. Mlango wa gari ukasikika ukifungwa. Mikidadi aliinamisha birika juu ya kikombe cha Sumari, yakatoka machicha na matone mawili.

— Limeisha, alisema kwa upole. — Sasa hata ukigeuza neno, Krosi, hakuna kadi.

Sumari aligeuka kutazama barabarani. Gari lilikuwa limeshakata kona. Alikaa vizuri kwenye ncha yake ya kushoto, na hakuna aliyeigusa.