Mshale Haupigiwi Kura

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali, na limeegemea ukuta wa nyumba ya Vifungo, dada mmoja fundi cherehani, ambaye hajawahi kutukaribisha wala kutufukuza. Wenye benchi ni sisi wanne. Kuna Spika, anayeendesha mjadala hata pasipo na mjadala. Kuna Mzee Diseli, aliyewahi kuwa utingo wa lori na tangu hapo hakuna asilolijua kuhusu injini. Kuna Kinyozi, ambaye chumba chake kiko mlango wa pili, na wateja humngoja humo na povu kidevuni mpaka amalize hoja. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kukumbuka nani alisema nini, jambo linalowaudhi wote. Jumamosi hiyo kahawa ilikuwa kali, na Vifungo alitoka ndani akisukuma pikipiki ya marehemu baba yake, plaizi mkononi, na uso usiotaka salamu.

Habari yake tulikuwa nayo. Vifungo hushona sare za shule na kuzipeleka mwenyewe kule juu mlimani, waliko wateja wake. Siku za karibuni pikipiki ilikuwa ikifika katikati ya mlima inakohoa na kuzima. Kaka yake mkubwa alikuja akasema, tukisikia wote: "Jumamosi nakuja na kamba. Nikiikuta imekufa, naichukua. Pikipiki ya baba haitafia mikononi mwako." Bila pikipiki, Vifungo angebaki na cherehani na sisi.

Alianza na muuza kahawa.

Vifungo: Jiko lako livushe barabara.

Muuza kahawa: Limekukosea nini?

Vifungo: Nafungua mpira wa petroli. Makaa yako na petroli yangu wasijuane.

Jiko likavushwa, na birika juu yake. Tangu hapo kila kikombe tulikiagiza kwa kupiga kelele, na kilifika kimepoa. Kinyozi naye aliambiwa azime sigara, akaizima, akaipachika sikioni kwa hasira.

Spika: Kikao kimefunguliwa. Dada, mgonjwa anaumwa nini?

Vifungo: Chujio la mafuta limeziba. Nabadilisha.

Spika: Nani kasema limeziba?

Vifungo: Mimi.

Spika: Si umpelekee fundi?

Vifungo: Nimempelekea. Kwanza akabadilisha plagi. Nikarudi, akabadilisha taa. Taa, Spika! Pikipiki inazima mlimani mchana kweupe, yeye ananibadilishia taa.

Diseli: Mwanangu, hapo hapana cha chujio. Pikipiki inamlilia mzee. Tajiri wetu alipofariki, lori lilikataa kuwaka wiki nzima.

Vifungo: Lilikuwa na mafuta?

Diseli: Hilo hatukuangalia. Tulikuwa msibani.

Kinyozi: Mnazunguka tu. Petroli ikilala tangini inasahau kazi. Halafu kikulacho ki nguoni mwako: hilo chujio ndilo linalokunywa mafuta yako.

Spika: Basi litolewe kabisa! Babu zetu walikunywa maji ya mtoni bila chujio, na wakafa wazee.

Vifungo: Waliokufa watoto hawakubaki kukusimulia.

Akapiga magoti. Alifunga koki chini ya tangi, akaweka kopo, akabana kibanio kwa plaizi na kukisogeza, kisha akavuta mpira. Petroli ilidondoka kidogo koponi. Chujio likatoka: kichupa cha plastiki kisichozidi kidole gumba, ambacho zamani kilikuwa cheupe na sasa kilikuwa na rangi ya kahawa yetu. Alikiweka kwenye tofali, akageuka kulisogeza kopo mbali na miguu yetu.

Hapo ndipo tulipoingilia. Spika alikichukua ili kikao kikikague. Diseli alikinusa, Kinyozi akakipuliza, mimi nikakiinua juani nikakitazama kama anayetazama yai. Kikazunguka tena, kikarudi kwa Kinyozi. Vifungo alipogeuka, kipya kikiwa mkononi, alitukuta tunabishana nani kakishika vizuri zaidi.

Vifungo: Kilikuwa kimekaa hivi, au hivi?

Kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole.

Vifungo: Jamani. Kimepita mikono minne, hakuna aliyeangalia?

Spika: Tulikuwa tunaangalia mambo makubwa.

Chujio jipya lilikuwa na mshale mdogo ubavuni. Vifungo alilishika kwenye nafasi ile, kati ya tangi juu na kabureta chini, akaligeuza huku, akaligeuza kule. Benchi zima lilisimama.

Diseli: Mshale uelekee tangi. Tangi ndilo mkubwa. Mdogo humwelekea mkubwa, ndiyo adabu.

Vifungo: Maji hufuata mkondo, mzee wangu.

Diseli: Hayo ni maji. Hii ni petroli, ina akili yake.

Kinyozi: Mnamdanganya mtoto wa watu. Mshale unaonyesha mbele. Uelekee taa! La sivyo pikipiki itajuaje inakokwenda?

Vifungo: Inakwenda ninakoipeleka.

Spika: Utaratibu, utaratibu! Tupige kura. Wa tangi?

Diseli alinyoosha. Spika mwenyewe akanyoosha. Na mimi nilinyoosha, na sioni haya: kijiwe ni kijiwe, huwezi kukaa benchi moja na watu halafu ukawaacha na mkono juu. Kinyozi alibaki na taa yake, peke yake, kifua mbele.

Spika: Tangi limeshinda. Wahenga walisema, wengi wape!

Vifungo: Nimewapa ukuta. Nimewapa kivuli. Pikipiki siwapi.

Spika: Dada, usibishane na wahenga. Mkono mtupu haulambwi!

Hakuna aliyeelewa msemo huo umeingiaje. Vifungo alimnyooshea mkono wake uliolowa petroli.

Vifungo: Huu si mtupu. Haya, lamba.

Spika alikaa. Tulicheka, lakini yeye Vifungo hakucheka. Alisimama, akatutazama mmoja mmoja.

Vifungo: Baba alinipa ufunguo mimi. Hakumpa kaka, hakuita kikao. Tangu azikwe kila mtu ananipigia kura. Kaka amepiga, fundi amepiga, leo na benchi. Mimi sijagombea kitu hapa! Nikikosea, nitakosea kwa mikono yangu mwenyewe. Kinyozi, nipe hicho cha zamani.

Kinyozi alimpa. Vifungo alikiweka karibu na jicho, namna anavyotazama tundu la sindano.

Vifungo: Tope lote limejaa upande huu. Upande ule hauna kitu.

Diseli: Tope ni tope.

Vifungo: Uchafu hunaswa mlangoni, mzee. Basi mafuta yanaingilia huku kwenye tope, yanatokea kule. Na mshale wa zamani huu hapa, umefifia, unaanzia kwenye tope unakwenda kwenye usafi. Kutoka tangini kwenda chini.

Hayo nilikuwa nimeyashika juani dakika chache nyuma, na sikuona chochote ila rangi. Nilijifanya nanywa kahawa.

Alilipachika jipya, mshale chini kwenye kabureta, akarudisha mipira na vibanio. Akafungua koki. Akafuta kila kiungo kwa kitambaa, akangoja, akapitisha kidole. Pakavu. Hata tone. Kopo alilipeleka uani, akanawa mikono, akarudi akapanda na kupiga teke.

Pikipiki ilikohoa ikanyamaza.

Spika: Tulisema! Kura ni kura!

Akapiga tena. Hola. Diseli alishaanza kumhesabia makosa. Vifungo alikuwa ameuma mdomo, macho kwenye kile kichupa kilichokuwa kinajaa petroli polepole. Kilipojaa, akapiga teke la tatu, na pikipiki ikawaka, ikanguruma hadi wateja wa Kinyozi wakatoka nje na mapovu yao.

Hatukuchelewa. Spika alimpa mkono Diseli, Diseli akanipa mimi, tukapongezana. Vifungo alikuwa anafunga furushi la sare nyuma ya kiti wakati kaka mkubwa alipotokea kwenye kona, kamba begani.

Kaka mkubwa: Nani kaiwasha?

Spika: Karibu, kaka! Tumeitengeneza sisi, kijiwe kizima.

Diseli: Kwa uzoefu.

Kinyozi: Na kwa kura. Suala la mshale lilikuwa gumu.

Kaka mkubwa: Mshale gani?

Spika: Wa chujio la mafuta. Bila mshale hakuna safari.

Kaka mkubwa: Sawa. Sasa mmeuelekeza wapi?

Ni swali la mtoto mdogo. Diseli alionyesha juu. Kinyozi alionyesha taa. Spika alinitazama mimi mwenye kumbukumbu. Nami nilitazama tofali.

Kaka mkubwa: Nimeuliza, unaelekea wapi?

Vifungo: Unaelekea ninakokwenda mimi, kaka. Naomba njia.

Kaka hakusogea mara moja. Alimtazama dada yake, akautazama ufunguo, kisha akavuta mguu mmoja, akavuta na wa pili. Vifungo akapita.

Kutoka kwenye benchi mlima wote unaonekana. Tulisimama tukasikiliza, hata kaka mkubwa. Vifungo alifika pale katikati, pale pa kukohoa. Spika alishika kikombe bila kunywa. Mlio haukupungua. Ulipanda, ukapanda, ukavuka kileleni na sare zake.

Kaka mkubwa aliikunja kamba, akakaa mwisho wa benchi, upande wa tofali, akaagiza kahawa kwa sauti ya chini, na Spika akaipaza ng'ambo. Ng'ambo ya barabara, muuza kahawa aliinua birika akalipindua. Hata tone.