Wendell Strunk na Hewa Aliyoiogopa

Zamani mtu alinunua jarida kwa kupenda mchoro wa jaladani, akalisoma hadi ukurasa wa mwisho. Siku hizi wanalikata jalada kwa wembe, wanalitundika mgahawani, na hadithi wanaitupa jalalani.

Marehemu Wendell Strunk alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 mjini Zanesville, Ohio, mtoto wa kwanza wa Clarence na Hazel Strunk. Mimi, Lowell, ndiye mdogo wake.

Alimaliza shule mwaka 1959, lakini kusoma hasa tulijifunza kwa kinyozi wetu, mzee Pruitt, aliyetugawia majarida yaliyochakaa. La kwanza la Wendell lilikuwa na mchoro wa mwanamke akimulika pango kwa taa, na nyuma yake kivuli. Nilishindwa kulala.

"Kaka, kile kivuli ni cha nani?"

"Soma, mwoga wewe, utajua."

Mwaka 1960 aliajiriwa katika kiwanda cha vyombo vya udongo, akafanya kazi humo hadi kilipofungwa mwaka 1997. Vumbi la udongo lilibaki mapafuni mwake.

Tarehe 13 Juni 1964 alimwoa Maxine Dahl, aliyemtangulia kaburini mwaka 2011. Majarida yalipojaza chumba kizima, Maxine aliwaambia wageni, "Kaeni popote, ila msiwakalie wanawake wake wa jaladani!"

Mwaka 2018 daktari alimpa mashine ya oksijeni. Hapo ndipo hofu ilipoingia nyumbani. Karatasi zile za kale zilikuwa kavu, zikimeguka kwa kuguswa tu.

"Hewa hii hulisha moto," alisema. "Cheche moja tu, kwisha habari."

Kila alipoingia chumba cha majarida aliiacha mashine jikoni na kufunga mlango.

"Baba, utakufa humo!" binti yake Colleen alimpigia kelele.

"Na yakiungua? Waliochora wameshakufa wote, mama."

Tulikaa jikoni tukimsikiliza akikohoa. Kikohozi kilikuwa habari njema. Tulichoogopa ni kimya.

Kimya kilikuja Jumanne, tarehe 4 Februari 2020. Tulimkuta kitini, majarida yote yakiwa mazima.

Ameacha binti, Colleen, wajukuu wawili, Travis na Joy, na mimi. Tayari kuna mtu amempigia Colleen simu akitaka majalada peke yake. Colleen amekataa. Naomba aendelee kukataa nami nitakapokuwa nimekwenda.

Mara ya mwisho nilimwona akiwa hai Jumapili ile, baada ya ibada. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Alikuwa amelifungua lile jarida la pango.

"Kaka, nikuletee mashine."

"Iache huko huko." Aliweka kidole juu ya kivuli. "Lowell, leo mwoga ni mimi."

Nilinyanyuka nikaichukue. Akanishika koti.

"Usiende. Soma."

Nikasoma hadi ukurasa wa mwisho, nikiisikiliza pumzi yake zaidi kuliko hadithi. Na apumzike sasa, bila woga.