Séraphin Kalumba na Picha ya Ndoa ya Dada Yake

Kabla ya kugusa picha yoyote, Séraphin Kalumba aliwasalimia watu waliokuwamo. Aliwasha kompyuta, akavuta kiti, akasema, "Jambo mama. Jambo tata. Mulilala muzuri?" Wapita njia wa mtaa wake wa Manika walidhani chumba kimejaa wateja, kumbe mara nyingi alikuwa peke yake. Mkewe, Yolande, alimtania: "Bale ba mu foto unabasalimia, na mi niko hapa tangu asubui!" Alicheka, akamsalimia na yeye, lakini desturi hiyo hakuiacha kamwe.

Alizaliwa Lubudi tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa Tata Kalumba, mfanyakazi wa reli, na Mama Kabemba. Baada yake walizaliwa Mbuyu, mwaka 1978, na Huguette, mwaka 1982, ambaye ndiye anayesoma maneno haya. Baba alipofariki mwaka 1987, Mama aliwaleta watoto wake watatu Kolwezi. Séraphin alipata diploma ya sekondari mwaka 1994. Alitamani kuendelea na masomo, ila aliingia kazini ili Huguette aweze kusoma chuo cha ualimu Lubumbashi.

Alianza kwa kupiga picha za ubatizo na za ndoa. Aliponunua kompyuta mwaka 2006, wapiga picha wenzake wakaanza kumletea kazi zao azisafishe. Aliondoa waya wa umeme uliopita juu ya kichwa cha bibi harusi, chupa iliyosahauliwa mezani, jasho kwenye koti la bwana harusi, na vumbi jekundu la mji wetu kwenye pindo la gauni. Bibi harusi mmoja alimwomba arekebishe sura ya mama mkwe aliyekunja uso katika picha zote. Séraphin alimjibu, "Mama, gauni naweza kunyoosha. Mama mukwe, hapana. Huyo utanyoosha weye mwenyewe, polepole."

Tarehe 17 Julai 2004 alifunga ndoa na Yolande Tshilombo, binti wa familia yenye asili ya Kasai. Hawakujaliwa mtoto. Yolande alifariki Novemba 2019. Tangu hapo Séraphin alikula amesimama kando ya jiko, kwa sababu kuketi mezani kulimwonyesha kiti cha pili.

Kuna jambo ambalo familia yote inamlaumu marehemu kwalo, na haifai azikwe nalo. Mama Kabemba, aliyeketi hapa mbele, analisikia leo kwa mara ya kwanza jinsi lilivyokuwa.

Huguette aliolewa tarehe 22 Agosti 2009. Mbuyu, aliyekuwa mchimbaji, alichelewa kutoka shimoni. Alifika kanisani watu wakiwa wamekwisha kupangwa kwa picha, akapenya na kusimama nyuma ya bibi harusi akiwa na nguo zake za kazi, mabuti ya mpira yamejaa matope, anacheka. Wiki iliyofuata Huguette alikaa na Séraphin mbele ya kompyuta.

"Huyu anaharibisha foto yangu," alisema. "Mutoe."

"Ni Mbuyu."

"Najua ni Mbuyu. Mutoe tu."

Séraphin akamtoa. Mahali pake akaweka matofali ya ukuta wa kanisa, tofali kwa tofali, kwa ustadi hata hakuna aliyeweza kuona kwamba palikuwa na mtu. Kadi ya kamera ikafutwa na kutumika tena kwa ndoa nyingine, na picha ya asili ikapotea.

Mwezi wa Februari 2011 shimo liliporomoka, Mbuyu akafariki. Mama alitaka picha ya kuweka juu ya sanduku. Mbuyu hakuwa na nyingine ya utu uzima.

"Lete ile ya ndoa," Mama alisema. "Alisimama pale nyuma, nilimuona na macho yangu!"

Picha ililetwa. Mama aliitazama muda mrefu.

"Mwana wangu iko wapi? Nani alikutuma umutoe?"

"Hakuna, Mama," Séraphin alijibu. "Ni mi mwenyewe."

Huguette alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Aliviweka mezani, akaanza kumimina chai.

Kuanzia siku hiyo Mama hakumwita tena Séraphin kwa jina. Alisema, "Ambia fotografe chakula iko tayari." Hakuingia nyumbani kwake, hata Yolande alipokufa. Miaka kumi na minne Séraphin alijaribu kumrudisha ndugu yake pichani, akianza na uso wa kadi ya shule. Alimpigia Huguette simu: "Sikio yake ya kushoto ilikuwa namna gani?" Huguette alijibu kwamba amesahau. Hakuwa amesahau. Kazi hiyo haikumalizika.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2024. Alifariki hospitalini hapa Kolwezi, Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Kumtoa Mbuyu katika picha ile hakukuwa kosa lake peke yake. Aliombwa, na aliyemwomba alimwacha abebe lawama.

Ameacha mama yake, Mama Kabemba; dada yake Huguette na shemeji yake Lukusa, pamoja na watoto wao watatu; na mashemeji wa familia ya Tshilombo. Bwana amlaze palipo na utulivu ambao kwetu hakuupata.

Jioni ya Jumapili, siku moja kabla ya kifo chake, Huguette alimshika Séraphin mkono akamwambia kwamba safari hii atamweleza Mama ukweli wote. Séraphin alifumbua macho.

"Muambie," alisema. "Lakini mi sitakuwako tena ya kukutetea."