Pak Wardoyo na Simu Aliyoirudisha, Kisha Akaiomba

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Pak Wardoyo Kismadi, mzee wetu na mkuu wa ratiba katika kampuni yetu ya kukodisha jenereta, Kencar Abadi ya Surabaya, anastaafu Alhamisi hii, tarehe 30 Juni 2011. Wenye digrii wa ghorofa ya pili walijaribu kuandika wasifu wake, wakatoa kitu kinachofanana na tangazo la zabuni. Ndipo kazi ikashushwa kwangu, fundi wa simu na redio, niliyeiacha shule ya ufundi kabla haijaniacha. Wamefanya vizuri. Hakuna simu ya jengo hili ambayo haijapita mikononi mwangu, na huwezi kumweleza Pak Wardoyo bila kueleza habari ya simu.

Alianza mwaka 1980 kama utingo wa lori. Enzi hizo kwenda kisiwa cha Madura ni kwa kivuko, na jenereta lilifungwa kamba kama ng'ombe anayepelekwa sokoni. Alibeba nyaya, akajifunza kuunga nyaya, akawa dereva, kisha akaketishwa kwenye meza ya ratiba. Harusi, tohara, mchezo wa vivuli unaokesha, hospitali iliyokatikiwa umeme: kila lori lilitoka getini kwa neno lake.

Na hilo neno lake hakulipandisha hata siku moja. Dereva akichelewa, Pak Wardoyo humuuliza kwa upole kama ameshakunywa kahawa. Sisi wa hapa tukiulizwa hivyo, jasho linatutoka, maana tunajua tumegombezwa. Ila kulikuwa na dereva mgeni kutoka Medan, mtu wa maneno ya moja kwa moja, ambaye aliulizwa hivyo akajibu kwamba bado hajanywa, akavuta kiti, akakaa kungoja kahawa. Pak Wardoyo akaenda kumtengenezea. Tulicheka mpaka fundi wa injini akaangusha spana, lakini yule dereva hakuchelewa tena.

Nimeanza na kahawa ili mjue jinsi alivyo. Kusema hapana usoni kwa mtu, hasa mkubwa, ni kazi ambayo Pak Wardoyo alikuwa hajawahi kuifanya.

Januari 2008, Pak Hermawan, mwenye kampuni, aliwaita wakuu wa idara, akaweka mezani visanduku vya aina mbili, kila mtu achague kimoja. Katika aina ya kwanza mlikuwa na daftari la mkononi: kidude chenye kioo na kalamu ya plastiki, kinachotunza ratiba, anwani na kazi za siku, hakina laini ya simu. Aina ya pili ilikuwa simu ya barua pepe, yenye vitufe vya herufi vilivyobanana kama punje za muhindi na taa nyekundu inayokonyeza ukiwa na ujumbe. Mimi ndiye niliyevinunua vyote, na nilishamwambia Pak Wardoyo pembeni kwamba lile daftari limeumbwa kwa ajili yake. Alikubali. Macho yake yalikuwa kwenye daftari.

Lakini Pak Hermawan alikuwa na furaha siku hiyo, akaichukua simu kwa mkono wake akasema mkuu wa ratiba bila shaka atataka hii. Basi ikaisha. Pak Wardoyo aliipokea kwa mikono miwili, akainama, akashukuru, na mwenye kampuni akaondoka akiamini amempa mzee kitu alichokiota. Sisi sote tuliokuwapo tuliona kwamba hakukitaka, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu na sisi tungefanya vilevile.

Kumbe simu hiyo ina tabia moja. Ukiusoma ujumbe, aliyeutuma anaonyeshwa kwamba umeusoma. Kwa watu wa kule ilikotengenezwa pengine ni jambo dogo. Kwa Pak Wardoyo, kujulikana kwamba umesoma neno la mkubwa ukakaa kimya ni kama kumpa mgongo akiwa anaongea. Hivyo akawa anajibu. Anajibu akila, anajibu akitoka msikitini hata viatu hajavaa. Na Pak Hermawan, akiona anajibiwa upesi hivyo, akazidi kutuma. Kila mmoja alidhani anamfurahisha mwenzake.

Wakati huo mkewe, Bu Suwarni, alikuwa mgonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki, jioni, alisafishwa damu kwa mashine hospitalini, saa nyingi kwenye kiti kimoja, na mumewe kando yake. Wale mliokula supu yake nyeusi ya nyama kwenye sikukuu zetu mnamkumbuka. Mimi nilikula sahani tatu akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna njaa.

Jumatatu moja Pak Wardoyo alikuja kwenye meza yangu mapema, kabla ya wengine, akaiweka simu mbele yangu. Nilimtania kwamba vitufe vimemshinda. Hakucheka. Akaniambia kwamba jioni iliyopita pale hospitalini alikuwa anaandika jibu kuhusu nyaya za harusi ya Sidoarjo, mkewe akamvuta shati.

"Nikamwinulia kidole, Le," alisema. Le ndivyo wazee wetu wanavyomwita kijana. "Subiri kidogo. Kama mteja anavyomfanyia muuza supu ya soto. Akavuta tena, nikainua tena. Sikumtazama."

Bu Suwarni alikuwa anazimia. Shinikizo la damu lilikuwa limeshuka, na sauti ya kuita hakuwa nayo. Muuguzi ndiye aliyeona. Walimlaza, wakainua miguu yake, akarudi. Alipopata nguvu ya kusema, alimuuliza mumewe kama ile barua imekwisha.

Niliifuta simu kwa kitambaa, nikamrudishia.

Kurudisha zawadi kwa mkubwa, kwetu, hakuna njia yake iliyonyooka. Pak Wardoyo alipanda ghorofa ya tatu na chombo cha supu ya mkewe. Wakaongea mvua. Wakaongea bei ya dizeli. Niliitwa kurekebisha mashine ya faksi, nikakuta mazungumzo yamefika kwenye maembe ya Probolinggo, nikajua leo hatoboi. Ndipo akaitoa simu mfukoni, akaiweka mezani kwa mikono miwili, ile ile aliyoipokelea.

"Naomba lile daftari, Pak," alisema.

Pak Hermawan akauliza kama simu ina ubovu, akanitazama mimi. Nikasema simu nzima kama yai.

"Haina ubovu, Pak. Ila yenyewe inaniita. Daftari halinijui mpaka nilifungue."

Pak Hermawan aliigeuza simu pale mezani. Kisha akamkumbusha, bila ukali, kwamba mwakani kuna nafasi ya meneja wa usafirishaji, nafasi ambayo jina lake lilikuwa limeshaandikwa, na meneja ni lazima apatikane jioni na usiku.

"Najua, Pak."

"Na bado unalitaka hilo daftari?"

"Bado."

Wapo waliosema mzee amepungukiwa. Umeneja ulikuwa na gari na mshahara wa kumalizia nyumba, na yeye alikuwa amebakiza miaka mitatu tu. Ulikwenda kwa Pak Setyadi kutoka Malang, kijana kwake kwa mbali, na siku alipoingia ofisini alimkuta Pak Wardoyo amemwekea orodha ya wateja wote mezani, na chai.

Sitawadanganya kwamba daftari halikuleta hasara. Kuna jioni mteja wa Gresik alibadilisha ukumbi kwa barua pepe, Pak Wardoyo akaiona asubuhi, na jenereta lilikuwa limepelekwa ukumbi wa kwanza. Bibi harusi aliketi gizani. Mwimbaji wa muziki wa dangdut, aliyezoea kuimba kwa spika kubwa kama kabati, aliimba kwa koo lake tu, na waliokuwapo wanasema ndipo walipojua kwamba hana sauti. Pak Wardoyo hakumsingizia dereva wala mteja. Alikwenda Gresik mwenyewe na kapu la matunda, akakaa kwenye kibaraza cha baba wa bibi harusi na kupokea maneno yote. Alipotoka huko akaanzisha utaratibu tunaoufuata hadi leo: saa kumi alasiri ratiba inafungwa, na mabadiliko yote baada ya hapo yanapigwa kwa simu ya kawaida ya mlinzi wa geti, kwa sauti, na mlinzi anamwambia dereva. Ilichukua muda wateja kuzoea. Wengine walituhama. Waliobaki walipata magari kwa wakati.

Na yeye saa kumi na nusu alikuwa barabarani, daftari limefungwa mkobani, anamfuata mkewe. Jioni zote hizo alikuwa pale. Wauguzi walimzoea mpaka wakampa kiti chenye mto. Alimsomea mkewe gazeti, hasa habari za wezi, maana Bu Suwarni alizipenda, na alipomvuta shati aligeuka.

Bu Suwarni alifariki mwezi Machi mwaka huu. Kampuni nzima ilikwenda kwenye kisomo, hata wa Medan. Pak Wardoyo alitushika mikono mmoja mmoja, akatuuliza kama tumekula.

Wiki chache baadaye alikuja tena kwenye meza yangu. Aliuliza kama ile simu bado ipo. Nikamwambia ipo kwenye droo, zimetoka mpya nzuri zaidi, nimpe mpya. Akasema ile ile. Akataka kengele yake niipandishe mpaka mwisho, na barua zote za baada ya saa kumi, za wakuu wote, zielekezwe kwake.

Mbak Retno, dada yetu wa ratiba, aliyejifungua mwezi uliotangulia, alikuwa amesimama pale na simu yake iliyokuwa inakonyeza. Wakati huo yeye na Pak Setyadi ndio waliokuwa wakibeba barua za jioni za ofisi nzima, maana getini hupita mabadiliko ya ratiba tu. Alikuja juu.

"Jamani Pak, wewe si ndiye uliyeikimbia hii?"

"Ndiye mimi."

"Sasa unaitafutia nini?"

"Nyumba yangu imenyamaza, Mbak. Ikilia kwangu hainitoi kwa mtu. Wewe una wa kumtazama anaponyonya."

Mbak Retno aligeukia ukutani akajifanya anasoma kalenda. Mimi nilishika bisibisi, nikafungua kitu ambacho hakikuhitaji kufunguliwa.

Hivyo kwa miezi yake ya mwisho mtu aliyeikataa simu ndiye aliyekuwa simu yetu. Alijibu kila barua kwa adabu zake zote: salamu, kuulizia familia, kuomba radhi kwa usumbufu, kisha jibu lenyewe. Pak Hermawan anasema mara nyingi alipofika kwenye jibu alikuwa ameshasahau swali. Lakini Pak Setyadi alianza kula chakula cha jioni na wanawe, na Mbak Retno akaacha kuja kazini na macho mekundu. Hakuna tangazo lililobandikwa. Tulijua tu kwamba kuna mtu ameketi kwenye nyumba ya Wonokromo, taa nyekundu inakonyeza mbele yake, ili ya kwetu isikonyeze.

Ijumaa iliyopita tulikutana kuamua simu hiyo inabaki kwa nani. Kila mtu alitazama viatu vyake. Pak Wardoyo, akiona tunavyoteseka, akasema kwa sauti yake ile ile ya kahawa kwamba haina haraka, ataendelea kuishika hata baada ya kustaafu, mwezi mmoja au miwili, mpaka tuzoee, maana nyumbani hana kazi.

Alisema kwa unyenyekevu mwingi kiasi kwamba kwa desturi yetu tulipaswa kushukuru, kuinama, na kumwachia.

"Hapana, Pak," alisema Mbak Retno.

Wote tuligeuka kumtazama. Kisha Pak Setyadi naye akasema hapana. Nikasema na mimi, tena kwa sauti, na yule dereva wa Medan akasema mara mbili. Hatujawahi kumkatalia mtu mzima usoni namna hiyo, na tulimkatalia yule tunayemheshimu kuliko wote. Pak Hermawan alimaliza kutusikiliza, akanyoosha mikono yake miwili mbele ya Pak Wardoyo, akasema wiki ya kwanza ni yake yeye, tutapokezana baada ya hapo. Mzee aliitazama simu kitambo, akaiweka kwenye mikono hiyo, akaziangalia nyuso zetu zote. Akauliza kama tumeshakunywa kahawa, na kwa mara ya kwanza sikuona aliyetokwa jasho.

Pak Wardoyo, kwa niaba ya madereva, mafundi, walinzi na hata wale wa ghorofa ya pili, asante kwa malori yote yaliyofika na kwa lile la Gresik lisilofika. Asante kwa jioni ulizotupa bila kuziandika popote. Jumamosi tunakuja kwako, Mbak Retno na mtoto, mimi na njaa yangu, na tutapika wenyewe, vibaya. Mungu akupe afya na umri mrefu, na nyumba yako isikose wageni wenye kelele. Lala, Pak. Ikilia, tutapokea sisi.

Jumadi
Fundi wa simu na redio, ghorofa ya chini